Goma: «Inaingia tu» si jibu! Wauza piesi, acheni kuchezea maisha yetu

Leo sizungumzi vita. Nazungumza neno dogo tunalosikia kila siku kwenye maduka ya piesi na katika garaji: «Inaingia tu.»

Mwaka 2025, kisha kambi za wahamishwa kubomolewa, nilipanda Hiace ya zamani kuelekea Sake. Ndani mlikuwa mama na watoto wanaorudi kwao Masisi, magodoro na masufuria yamefungwa juu. Mbele kidogo ya Mugunga, moshi mweupe, maji yakachemka, mota ikazima. Shofa alikuwa ametoka garaji siku tatu tu! Familia zile zililala kando ya barabara, na nauli haikurudi.

Kesho yake fundi alifungua mota. Jointi ya kulasi ilikuwa mpya, lakini ya mota 2L, na gari lina mota 3L. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Lakini silinda ya 2L ina upana wa milimita 92, ya 3L milimita 96. Jointi ikajitokeza ndani ya silinda milimita 2 kila upande, moto ukaila, maji yakaingia. Muuzaji alisema nini? «Inaingia tu.» Kweli iliingia.

Kuna watakaonijibu: muandishi, watu ni maskini, banki zilifungwa mji ulipoanguka Januari 2025, nani ana dola za piesi ya asili? Nawaelewa. Lakini mimi siombi piesi mpya. Piesi ya okazyo inayolingana na gari lako ni bora kuliko mpya isiyolingana. Na maskini ndiye asiyeweza kununua mara mbili. Tajiri akidanganywa anapoteza pesa. Shofa wa Hiace akidanganywa, watoto wake hawali.

Tena kujua si kazi ya uchawi. Fungua kapo, tafuta kibati cha kiwandani: kinaandika modeli na aina ya mota. Corolla AE100 na AE110 zote zinaitwa Corolla, usinunue kwa jina tu. Toyota inaipa kila piesi namba ya tarakimu kumi: tano za kwanza zinasema ni piesi gani, kwa mfano 04465 ni plaketi za freni za mbele, tano za mwisho zinasema ni ya gari gani. Magari yetu mengi yametoka Japani, usukani uko kuume. Kremayeri ya usukani wa kushoto haikai humo. Na fari zake zinainamisha mwanga kushoto, ndiyo maana usiku tunapofushana sisi tunaopita kuume.

Kwa hiyo nasema wazi. Wauzaji: andikeni kwenye risiti modeli na mota mliyouzia piesi, na mkubali kuirudisha isipolingana. Mafundi: mkiona piesi hailingani, msiichonge kwa tupa wala kuipiga nyundo ili ikae. Rotuli iliyolazimishwa juu ya mawe ya volkano haimalizi safari nyingi, na ikikatika gurudumu linalala. Mashofa: andikeni namba za kibati katika kadaftari, mtembee nazo. Na viongozi wa maparkingi, mnaochukua pesa kwa kila gari linalotoka, angalieni pia freni.

Familia zinazorudi vijijini zimeshapoteza nyumba, mbuzi na shamba. Zisipotezwe barabarani kwa sababu ya piesi ya dola chache.

Wewe mnunuzi, muuzaji akisema «inaingia tu», muulize: isipolingana, utairudisha? Akinyamaza, toka dukani.