Kufungulia pampu hakumlipi msomba mazao

MSIMU wa mavuno unapokaribia, mwenye Canter au Fuso anayesomba mpunga wa Mpimbwe au mahindi ya Mwese kwenda Mpanda mjini hushawishika kulifanyia gari lake marekebisho ili libebe zaidi na kupanda vilima haraka. Si kila rekebisho hurudisha fedha yake.

Linaloponza zaidi ni kufungulia pampu ya dizeli. Nguvu huongezeka, lakini moshi mweusi unaofuata ni dizeli isiyoungua vizuri, yaani fedha ya mwenye gari inayotokea kwenye bomba. Joto likizidi huharibu pistoni na turbo, na injini ikifa katikati ya msimu, faida yote huishia gereji. Wapo pia wanaokata bomba la moshi. Wanachopata ni kelele.

Kuongeza springi kuna nafuu kidogo kwenye barabara mbovu. Hata hivyo, gari la tani 4 hubaki na breki na ekseli za tani 4, na magunia 10 ya kilo 100 yakiongezwa ni tani nzima. Mizani nayo haiangalii springi. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini Machi 2019, inahusu magari yanayozidi tani 3.5.

Kwa vumbi la Katavi, fedha ya kwanza iende kwenye chujio la hewa, kisha breki na matairi. Chujio likiziba, injini hukosa hewa na kunywa dizeli zaidi, hata kama pampu haijaguswa.