NDANDA IMESHUKA, KAMARI IMEBAKI

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu katika imani, mwezi Septemba 2014 timu ya Ndanda ya hapa Mtwara iliingia Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa kuifunga Stand United mabao 4-1 huko Shinyanga. Tokea hapo hadi iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2019/20, uwanja wa Nangwanda Sijaona uliwapokea Simba, Yanga na Azam, na hadi vijiji vya kingo za Ruvuma mazungumzo yakawa hayo hayo. Misimu sita ikapita, timu ikashuka. Sisi tunauliza: imetuachia nini?

Hatusemi kwamba mpira ni haramu. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Mama Aisha (R.A.), na imepokewa kwamba alipigana mieleka na Rukana akamwangusha. Ugomvi wetu ni na mambo matatu yaliyoupanda mpira mgongoni.

La kwanza ni kupoteza Swala. Mechi ikipangwa saa 1:00 usiku, kijana hutoka nyumbani kabla ya Magharibi ili apate nafasi katika kibanda umiza, na hurudi Isha imekwishaswaliwa jamaa. Ukimkanya, husema ratiba ya ligi haimngoji mtu. Si kweli. Mwaka 2020 ligi ilisimama kuanzia mwezi Machi hadi Juni kwa sababu ya maradhi ya korona, na hakuna aliyekufa kwa kukosa mpira. Ikiwa ratiba nzima ilisimama miezi kwa kuuhofia ugonjwa, vipi Muislamu ashindwe kusimama robo saa kwa kumhofia aliyeuumba ugonjwa huo?

La pili ni shirki. Katika soka letu kila mtu anajua maana ya pili ya maneno "kamati ya ufundi". Timu huukwepa mlango rasmi, huruka uzio, humwaga vitu uwanjani, na Bodi ya Ligi imekwishatoza faini kwa vitendo vinavyoashiria ushirikina. Ajabu ni kwamba bodi ya mpira hukemea, na baadhi ya wenye vilemba hunyamaza. Na wengine wao ndio wanaoandika hirizi na kupiga ramli kwa ujira. Tunawaambia bila kificho: anayeuza hirizi ya ushindi hana tofauti na mganga, hata akiiandika kwa herufi za Kiarabu.

La tatu, nalo ndilo lililoenea kuliko yote, ni kamari. Mwezi Mei 2017 kampuni ya SportPesa iliingia mikataba ya kuzidhamini Simba na Yanga, na jina lake likachapwa vifuani mwa jezi. Watoto wetu wakazivaa jezi hizo madrasa na msikitini. Tafakari, ndugu Muislamu: mtu amesimama katika safu mbele ya Mola wake, na kifuani amebeba tangazo la jambo ambalo Mola huyo amelitaja katika Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, pamoja na ulevi na masanamu, akalihesabu kuwa ni uchafu wa kazi ya Shetani, wenye kuleta uadui na kuzuia Swala. Hata lugha yetu imeporwa. Karatasi ya kubeti vijana wanaiita "mkeka". Mkeka tuliorithi kwa wazee wetu ni wa kuswalia.

Watasema: hii si bahati, ni utaalamu wa kuzijua timu. Tunajibu: kamari ni kila jambo ambalo aliyeingia humo ama achukue mali ya mwenziwe bila badala, ama apoteze yake. Ujuzi wa kuzijua timu hauibadili hukumu hiyo. Na sheria ya nchi yenyewe, ya mwaka 2003, inaiita michezo ya kubahatisha.

Watasema: kampuni hizo zinalipa kodi na kuzilisha timu. Tunajibu: Qur'ani katika Surat al-Baqara, aya ya 219, haikukanusha kuwa kamari ina manufaa kwa watu, imehukumu kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake.

Watasema: ni shilingi elfu moja tu. Mkulima wa korosho asiseme hivyo. Mwaka 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, tulijua sote uzito wa fedha hiyo, na tulijua uchungu wa kuisubiri. Elfu moja ni karibu theluthi ya kilo iliyopaliliwa, ikapuliziwa dawa, ikaokotwa na mama aliyeinama juani. Na malipo ya korosho huja wakati ligi imepamba moto. Fedha ya ada na ya bati huishia kwenye simu ya kijana.

Basi tunausia haya. Wazazi wasiwanunulie watoto jezi zenye tangazo la kamari. Wenye nyumba wasikodishe fremu zao kwa maduka ya kubeti, kwani kodi ya haramu haina baraka. Maimamu walitaje jambo hili mimbarini kwa jina lake, wala wasiogope kuwaudhi wapenzi wa timu. Na misikiti isiwaachie vijana mitaa tu: iwaandalie mazoezi na mechi baada ya Alasiri, zimalizike kabla ya adhana ya Magharibi, bila dau wala hirizi.

Timu ikishuka daraja, huweza kupanda tena msimu mwingine. Umri uliopotea hauna msimu mwingine.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu na atuongoze sote. Wabillahi tawfiq.