Barua ya wazi kwa KIPI: mpeni samaki wake, msimpe bahari

Kwako Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya (KIPI),
Nairobi.

Mimi si wakili wala siuzi dawa. Ni mwandishi wa masuala ya afya wa Mombasa ambaye husoma maombi ya hataza kama wengine wasomavyo kurasa za michezo, na ninakuandikia kuhusu kazi ya ofisi yako isiyotangazwa redioni: ukaguzi wa maombi ya hataza za kingamwili zinazotibu saratani.

Naandika sasa kwa sababu mahitaji yanabisha hodi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu, lakini kwa melanoma tu, saratani ya ngozi ambayo kwetu si kilio kikubwa. Septemba 2025 orodha hiyo ilipanuliwa. Pembrolizumab ikapendekezwa pia kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa, na kwa aina fulani za saratani ya utumbo mpana na ya mapafu. Hapo suala likaingia nyumbani, maana saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Kenya. Nchini Marekani bei iliyotangazwa ya dawa hiyo imepita dola 11,000 kwa dozi moja ya kila wiki tatu. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipoanza kazi mwaka 2024 iliweka kikomo cha Sh550,000 kwa matibabu ya saratani ya kaya nzima kwa mwaka. Bei ya Marekani si bei ya Nairobi, najua. Lakini hata ungeikata nusu, kikomo hicho kisingelipia dozi ya kwanza.

Niwatendee haki wavumbuzi kwanza. Seli T za mwili wetu zina uwezo wa kuua seli za saratani, ila juu yake kuna protini iitwayo PD-1 ambayo ikiguswa, seli hulegea na kuacha vita. Saratani nyingi zimejifunza kuigusa. Maabara ya Tasuku Honjo mjini Kyoto iligundua protini hiyo mwaka 1992. Mmarekani James Allison akaonyesha jambo la aina hiyo hiyo kwa protini nyingine, CTLA-4, na mwaka 2018 wawili hao wakatunukiwa Nobel. Pembrolizumab yenyewe, kingamwili inayoifunika PD-1 ili isiguswe, ilitengenezwa na kampuni ya Organon katika mji wa Oss, Uholanzi. Organon ikanunuliwa na Schering-Plough mwaka 2007, nayo Schering-Plough ikaingia mikononi mwa Merck ya Marekani, ambayo huku kwetu hujiita MSD, mwaka 2009. Ombi la hataza ya molekuli hiyo liliwasilishwa 2008, na ndiyo maana ulinzi wake mkuu Marekani unatarajiwa kuisha 2028.

Sina ugomvi na hataza hiyo. Watu walitengeneza kitu, wakaandika mfuatano wake wa asidi amino herufi kwa herufi na kuuweka mahali ambapo yeyote anaweza kuusoma. Wapewe miaka yao 20.

Ugomvi wangu ni na madai yanayovuka hapo. Mwombaji huja na kingamwili chache alizozitengeneza kweli, kisha katika ukurasa wa madai haombi hizo chache, bali anaomba kila kingamwili itakayoshika protini fulani na kuizuia isifanye kazi, iwe imetengenezwa au haijawahi kuwaziwa. Ni sawa na mvuvi aliyerudi Old Town na changu watatu, akataka aandikiwe hati ya bahari yote kutoka Vanga hadi Kiunga kwa kuwa samaki wake walitoka humo.

Suala hili limefika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Katika kesi ya Amgen dhidi ya Sanofi, iliyoamuliwa tarehe 18 Mei 2023, Amgen ilikuwa imeeleza mfuatano wa kingamwili 26 zinazoshika PCSK9, protini inayohusika na lehemu ya damu. Si dawa za saratani, lakini mantiki ni ile ile. Madai yake yalifunika kila kingamwili inayoshika sehemu fulani ya protini hiyo na kuizuia, na idadi yake ingeweza kufika mamilioni. Majaji wote tisa walikataa. Walisema anayedai kundi zima lazima amwezeshe fundi mwenye ujuzi kulitengeneza kundi zima, na kwamba kumwambia mtu ajaribu, apime, arudie, ni kumpa kazi ya utafiti tu. Wakarejea uamuzi wao wa 1854 kuhusu Samuel Morse, aliyetaka kumiliki kila njia ya kuchapisha herufi kwa mbali kwa kutumia nguvu za umeme, hata zile ambazo hakuzigundua. Karne moja na nusu na zaidi imepita, na tamaa haijabadilika sura.

Ukitaka kuona gharama ya madai mapana katika saratani yenyewe, tazama kilichotokea kati ya wakubwa wenyewe. Ono ya Japani na Bristol Myers Squibb walikuwa na hataza za matumizi ya kingamwili dhidi ya PD-1 kutibu saratani. Merck ilikuwa na molekuli yake, tofauti na yao. Bado Januari 2017 ilikubali kulipa dola milioni 625, na juu yake asilimia 6.5 ya mauzo hadi 2023, kisha 2.5 hadi 2026. Kampuni yenye mawakili wa kujaza uwanja ililipa ili iachwe ifanye kazi. Je, kiwanda cha Afrika Mashariki kikitaka kutengeneza dawa yake, kitalipa kwa kitu gani?

Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina mwongozo maalumu wa kingamwili, na ningependa wakaguzi wako wawe nao mezani. Kwa kawaida kingamwili inayotambulishwa kwa mfuatano lazima itajwe kwa sehemu zote sita zinazoshika shabaha, tatu za mnyororo mzito na tatu za mnyororo mwepesi. Anayetaja pungufu athibitishe kwamba hizo zinatosha. Muhimu zaidi ni kipimo cha ubunifu. Protini ikishajulikana, kutengeneza kingamwili nyingine ya kuishika ni kazi ya kawaida ya maabara. Hata mfuatano wake ukiwa haujawahi kuonekana, hiyo pekee haiufanyi kuwa uvumbuzi, na mwombaji anapaswa kuonyesha matokeo ambayo hayakutarajiwa au ugumu wa kweli alioushinda. Huo si msimamo wa wanaharakati. Ni wa ofisi inayokusanya ada za waombaji kila siku ya kazi.

Sasa nije kwenye hataza za pili, zile zinazofuata baada ya ile ya molekuli yenyewe, ambako naona hatari kubwa zaidi kwetu. Uchunguzi wa shirika la I-MAK, uliotolewa 2021, ulihesabu maombi 129 ya hataza yanayohusu Keytruda, jina la biashara la pembrolizumab, nchini Marekani pekee. Hadi wakati huo 53 yalikuwa yamekubaliwa. Mengi katika hayo hayahusu molekuli. Yanahusu namna ya kuichanganya na dawa nyingine, kiasi cha dozi, umajimaji wake na aina ya mgonjwa. Septemba 2025 Marekani iliidhinisha pia Keytruda ya kuchoma chini ya ngozi, ikiwa na kimeng'enya cha kuisaidia kusambaa. Kwa mgonjwa inaokoa muda, sikatai. Kwa mwenye hataza ni miaka mingine.

Dozi ndiyo inayonikera. Madaktari wa Tata Memorial mjini Mumbai waliwapa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo nivolumab, kingamwili nyingine dhidi ya PD-1, miligramu 20 tu kila wiki tatu, pamoja na dawa za bei nafuu za kumeza. Dozi ya kawaida ni miligramu 240 kila wiki mbili. Waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walipanda kutoka asilimia 16.3 kwa waliopata dawa za kumeza peke yake hadi 43.4. Utafiti wa namna hiyo hufanywa na hospitali ya umma kwa sababu hakuna kampuni itakayolipia ushahidi kwamba dawa yake inatosha kwa kipimo kidogo. Tukitoa hataza za dozi na ratiba, siku moja daktari wa hapa atakayefuata njia ya Mumbai atakuta imefungwa mnyororo.

Na sheria yetu imeliona hili mapema. Kifungu cha 21(3)(e) cha Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 kinasema kwamba njia za matumizi, au matumizi, ya molekuli yoyote kwa kinga au tiba ya ugonjwa ambao Waziri wa Afya ameutaja kuwa hatari kubwa kwa afya au unaotishia uhai, si uvumbuzi unaoweza kupewa hataza. Nchi nyingi zingetamani kuwa na mstari huo. Lakini kifungu hakijiendeshi, kinamngoja Waziri ataje ugonjwa. Nakuomba umwandikie, saratani itajwe kwa jina katika Gazeti Rasmi la Serikali, ili mkaguzi wako asibaki na kifungu kizuri kisicho na meno.

Kuna mlango mwingine ambao hataza huingilia bila kupita mezani pako. Ombi likiwasilishwa ARIPO, shirika la kikanda la mali ya ubunifu barani Afrika lililoko Harare, na Kenya ikatajwa miongoni mwa nchi husika, ukaguzi hufanyika huko huko. Itifaki ya Harare inaipa kila nchi miezi sita tangu ipewe taarifa kueleza kwa maandishi kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake, ama kwa sababu haifikii masharti ya itifaki, ama kwa sababu sheria yake ya ndani hairuhusu. Miezi sita ikipita kimya, hataza inasimama hapa sawa na ile mliyoitoa wenyewe. Weka mkaguzi mmoja wa bayolojia kazi yake iwe hiyo: kupokea taarifa za kingamwili kutoka Harare na kuzijibu kabla ya muda kuisha.

Majirani zetu wana mwavuli ambao sisi hatuna. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, kama nchi zenye maendeleo duni zaidi, zina ruhusa ya Shirika la Biashara Duniani ya kutotoa hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Kenya haimo katika kundi hilo. Kinga yetu kubwa ni ubora wa ukaguzi wenu.

Ombi dogo la mwisho kabla sijamaliza. Hataza haiandikwi jina la dawa. Huandikwa maneno kama "kingamwili dhidi ya kipokezi cha binadamu" na namba. Mfamasia wa hospitali ya kaunti anayetaka kujua kama anaweza kuagiza toleo lingine la pembrolizumab hawezi kulipata jibu kwa kusoma jarida lenu. Mwombaji aagizwe kutaja jina la kimataifa la dawa pale linapojulikana, nanyi mlichapishe pamoja na tarehe ya mwisho wa ulinzi. Jambo hili lina uzito, maana Samsung Bioepis, Sandoz na Amgen tayari wamefikisha matoleo yao ya pembrolizumab katika majaribio ya mwisho kwa binadamu. Wanunuzi wetu wajue lini mlango unafunguka.

Wapo watakaokuambia kwamba ukaguzi mkali utawafukuza wawekezaji. Waulize ni kiwanda gani cha kingamwili kilichojengwa Kenya kwa sababu ya ukaguzi mlegevu.

Kwa hiyo nakuomba, Mkurugenzi Mkuu, utoe mwongozo wa KIPI wa kukagua kingamwili, uuchapishe kwa Kiswahili na Kiingereza, na uanze kutumika kabla ya 2028, dawa za ushindani zitakapoanza kutafuta soko. Jibu lako ulitoe hadharani, ili hata wagonjwa walisome.