Mkulima wa karafuu ni mteja

Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliamua kwamba mkulima wa karafuu alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na kilo moja ya daraja la kwanza ikanunuliwa kwa shilingi 15,000. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, bei ya chini ilikuwa ikilindwa kwa doria. Walinzi walikesha katika bandari za siri za Pemba, na karafuu zikavuka usiku kwenda Mombasa vile vile. Bei ilipopanda, magunia yalianza kuelekea vituoni.

Tunalitaja jambo hilo leo kwa kuwa wapo watendaji wanaodhani kuwa ubunifu ni lazima uje na mtambo mpya au mtaalamu kutoka ng'ambo. Huu ulitokana na uongozi kukubali ukweli mmoja mchungu: aliyekuwa akiitwa mfanya magendo, mara nyingi alikuwa ni mkulima aliyejua hesabu.

Lakini bei hupangwa mjini, na karafuu hupimwa kijijini. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya zao hili, na kila raia wa kisiwa hicho anaijua kazi yake. Mchumaji hupanda juu ya mti mrefu ambao matawi yake ni mepesi kuvunjika. Usiku jamaa nzima, watoto kwa wazee, hukaa kuchambua karafuu na makonyo. Kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa, na wingu likitanda kila mtu hukimbilia majamvi. Baada ya taabu yote hiyo mwenye mali hufika kituoni na gunia lake, akaambiwa kwa neno moja tu kwamba hili ni daraja la pili.

Huenda karani amesema kweli. Hata hivyo, mkulima ana haki ya kuonyeshwa sababu. Kuna ugumu gani kuweka mezani sampuli ya kila daraja, watu wote wakaziona na kulinganisha? Kuna gharama gani mizani kujaribiwa kila asubuhi mbele ya wauzaji, kwa jiwe la uzito unaojulikana? Fedha zilipwe siku ile ile, na stakabadhi iandikwe kwa herufi zinazosomeka. Na wakati wa mavuno makubwa kituo kisifungwe ilhali watu wako mlangoni na mvua inanukia, kwani karafuu iliyopata unyevu haimsubiri karani amalize chakula chake.

Wakubwa wa kazi nao wana sehemu yao. Ziara inayotangazwa siku tatu kabla humkuta kila mtu amevaa shati safi na mizani imefutwa vumbi. Tungependa kuwaona wakuu wa wilaya na maofisa wa Shirika la Biashara la Taifa wakifika bila ya kupiga simu, wakasimama foleni nyuma ya mwanamke mwenye pakacha la kilo tano, wakasikiliza anavyojibiwa. Waanzie vituo vya mbali, upande wa Micheweni na Mkoani, na wafike huko kabla gunia la kwanza la msimu halijapimwa.