Sanduku la Stima Lataka Hesabu, Si Haraka

Ukiingia nyumbani kwangu leo na kuuliza ni nani mwenye heshima kuliko wote, usidhani utaonyeshwa mimi. Utaonyeshwa sanduku moja la plastiki lenye mkono wa kubebea, ukubwa wake kama redio ya zamani, lililowekwa pembeni mwa sebule. Hakuna anayeruhusiwa kuliwekea kikombe juu. Hakuna anayeruhusiwa kuchomeka chaja ya simu kabla ya kutazama kioo chake kidogo kinasema imebaki asilimia ngapi. Amri hizi sikuzitoa mimi. Alizitoa mama watoto, na kisa chake nitakueleza.

Nazungumzia masanduku ya stima yaliyojaa madukani siku hizi: betri kubwa ndani, soketi za kawaida ubavuni, matundu ya kuchajia simu, na mahali pa kuunganishia waya wa paneli ya sola. Wengi wetu tuliyatamani baada ya Ijumaa ile ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea usiku karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Kabla hatujasahau, ikapotea tena tarehe 11 Novemba na tarehe 10 Desemba mwaka uo huo. Na hiyo ni ile ya nchi nzima. Ile ya mtaani, transfoma inapopasuka au tokeni zinapokwisha usiku wa manane, haiandikwi gazetini.

Basi nami nikashika njia hadi katikati ya jiji. Muuzaji hakunichelewesha. "Mzee, hii ni wati mia tano. Inawasha nyumba nzima." Nikalipa, nikapanda matatu nimelipakata sanduku langu kama mtoto mchanga.

Jumatatu asubuhi stima haikuwapo. Kijana wangu wa kidato cha tatu akachomeka pasi ili anyooshe shati la shule. Sanduku likalia, likajizima. Akajaribu tena, likajizima tena. "Baba, umeuziwa bandia," akaniambia, na akaenda shule na shati lenye makunyanzi. Lakini halikuwa bandia. Wajinga tulikuwa sisi.

Ukitaka kuyaelewa masanduku haya, fikiria tangi la maji juu ya ploti. Kuna mambo mawili: unene wa bomba, na wingi wa maji yaliyomo. Wati ni unene wa bomba, yaani stima kiasi gani inaweza kutoka kwa mkupuo mmoja. Wati-saa ndiyo maji yaliyomo. Sanduku langu linaweza kutoa wati 500 kwa wakati mmoja, na ndani yake mna wati-saa 500. Pasi yetu inataka wati 1200. Bomba halitoshi, kwa hiyo sanduku linajizima lisije likaungua. Birika la umeme hufika wati 2000, na ule mtambo wa kuoshea maji moto bafuni hupita 5000. Hivyo sahau kabisa. Chochote kinachotengeneza joto si mwenzake sanduku dogo.

Kuna na ujanja mwingine wa dukani. Badala ya wati-saa, utaandikiwa "150,000 mAh" kwa herufi kubwa hadi moyo uruke. Chukua nambari hiyo, zidisha kwa 3.7, kisha gawanya kwa 1000. Utapata wati-saa 555. Ile ya 50,000, inayovutia macho vilevile, ni wati-saa 185 tu. Nenda na karatasi na kalamu, na usione haya kupiga hesabu mbele ya muuzaji. Mwulize pia betri ni ya aina gani. Zile za lithiamu zenye chuma na fosfati huvumilia kujazwa na kumalizwa mara elfu mbili na zaidi kabla ya kuchoka. Zile nyingine za lithiamu, nyepesi zaidi mkononi, aghalabu huanza kudhoofu baada ya mara mia tano hadi elfu moja. Kwa mwenye kulitumia kila siku, tofauti hiyo ni ya miaka.

Sasa hesabu ya jioni moja. Sanduku la wati-saa 500 halikupi zote, maana nyingine hupotea katika kugeuza stima ya betri iwe ya soketi. Weka akilini kuwa utapata kama 425. Taa mbili za LED za wati 9 kwa saa nne ni 72. Televisheni ya wati 50 kwa saa tatu ni 150. Kile kisanduku cha intaneti, wati 10 kwa saa tano, ni 50. Kipakatalishi cha wati 60 kwa saa mbili ni 120. Simu tatu, kama 45. Jumlisha: 437. Sanduku limekwisha, na hujagusa friji. Nawe mwanafunzi unayekaa chumba kimoja karibu na chuo, kwako hesabu ni nyepesi: taa moja, simu na kipakatalishi havihitaji sanduku la bei hiyo. La wati-saa 200 litakufikisha asubuhi ya mtihani.

Bei sitakutajia, maana nikiitaja leo Jumapili, Jumatano utaniita mwongo.

Tuje kwenye jua, kwani hapa ndipo watu wa fleti tunapokwama. Paneli ya wati 100 haitoi wati 100 isipokuwa katika maabara. Ukipata 70 shukuru. Nairobi tukiwa na jua zuri la saa tano hivi, utavuna kama wati-saa 350 kwa siku. Yaani hata siku njema haijazi sanduku langu. Na mwezi wa Julai, mawingu yanapokaa juu ya jiji kutwa nzima kama blanketi, huenda usipate hata nusu ya hiyo.

Mwenye nyumba yake Kitengela au Ruai ataiweka juu ya mabati na kuisahau. Sisi wengine paa ni la landilodi, na keateka ameshikilia ufunguo. Inabaki roshani. Nairobi iko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri liko karibu utosini mwaka mzima, na roshani ya jirani wa juu hulikinga lisikufikie. Roshani inayotazama mashariki au magharibi ndiyo yenye bahati, kwani hupata jua la ubavuni asubuhi au alasiri. Yangu hutazama magharibi. Naining'iniza paneli nje ya vyuma, nimeifunga kwa waya mahali panne, maana ghorofa ya nne si mchezo na chini watoto wanacheza kati. Nyuma ya kioo cha dirisha usiiweke. Itafanya kazi, lakini kioo kitakula sehemu nzuri ya mavuno yako.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kivuli. Siku moja niliona kioo kinasema wati 11 jua likiwa kali. Nikatoka nje, kumbe soksi imedondoka kutoka kamba ya nguo ya juu, imelala kwenye kona ya paneli. Soksi moja! Vipande vya paneli vimeunganishwa kama mnyororo. Kimoja kikizuiwa, wenzake nao hubanwa. Vumbi na mavi ya ndege pia ni wezi. Futa kwa kitambaa chenye maji asubuhi kabla haijapata moto. Na wakati paneli inaota jua, sanduku lenyewe likae ndani kwenye kivuli, mbali na jiko, wala si juu ya godoro, kwani linahitaji kupumua na betri haipendi joto.

Onyo moja sitalipunguza. Wapo mafundi wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili ili uchomeke sanduku kwenye soketi ya ukuta na "kuwasha nyumba yote". Kataa. Ncha za plagi ile zina stima na mtoto anaweza kuzishika. Fundi aliye kwenye nguzo, anayejua kuwa waya umekufa, anaweza kuuawa na stima inayotoka kwako.

Sasa kisa nilichokuahidi. Ilikuwa Jumapili ya Julai, baridi na mawingu. Transfoma yetu ilikuwa imepasuka tangu Ijumaa. Jumamosi jua lilitoka kama saa moja tu. Jioni hiyo palikuwa na mpira, nami nikajiambia baba wa nyumba ana haki yake. Tukautazama wote, dakika tisini na za nyongeza. Watoto wakachaji simu na za marafiki zao. Jumapili mchana wakatazama sinema kwenye kipakatalishi. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaruhusu.

Saa tatu usiku mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa jirani wa ghorofa ya tatu, amembeba kijana wake wa miaka sita. Mtoto ana pumu. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi na mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mkononi mama ana ile mashine ya kugeuza dawa iwe mvuke. "Jirani, naomba stima. Robo saa tu."

Nikatazama kioo. Asilimia nne.

Tulichomeka hivyo hivyo. Mashine ikanguruma, mvuke ukaanza kutoka, mtoto akavuta mara kadhaa. Kisha sanduku likalia ule mlio ninaoujua, na kimya kikaingia. Hakuna aliyesema neno. Mama watoto alikwisha kupiga simu kuita teksi. Hospitalini mtoto alitibiwa na alfajiri akarudi, mgongoni mwa mamake, amelala. Muuguzi alikuwa amempa dawa ile ile kwa pampu ya mkononi iliyochomekwa kwenye chupa ya plastiki, kitu kisichohitaji stima hata kidogo. Pampu ya nyumbani ilikuwa imekwisha siku mbili kabla. Ikiwa una mgonjwa wa namna hiyo, mwulize daktari wako kuhusu pampu na chupa yake, na usiiache ikaisha.

Asubuhi nilikaa na kalamu. Nilishuka nikasoma kibandiko cha mashine ya jirani: wati 120. Robo saa ni wati-saa 30, tuseme 35 pamoja na zinazopotea. Si hata asilimia kumi ya sanduku langu. Televisheni peke yake usiku wa mpira ilikuwa imekula mara nne ya hiyo.

Mama watoto hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alichukua karatasi akaandika kwa kalamu nene, akaibandika ukutani juu ya sanduku: IKIFIKA 40, TAA NA MASHINE YA MTOTO TU. Kisha akashuka kumwambia jirani kuwa usiku wowote agonge.

Mtoto yule naye amejua kusoma nambari. Siku ambazo stima imepotea hupanda ngazi mwenyewe, huingia bila ya kubisha, husimama mbele ya kioo na kusoma kwa sauti. Juzi nilikuwa nimejinyoosha kitini, mpira uko dakika ya sabini, timu yangu inashambulia.

"Arubaini, Mzee," akasema.

Nikainuka nikazima televisheni. Hadi leo sijaambiwa bao lile liliingia au la.