Ngano, Panya na Kaisari

Imani iliyoota mizizi kuhusu historia ya maradhi hudai kwamba dola kuu za kale zilikuwa ngome za usafi na utaratibu, na kwamba magonjwa ya kuambukiza yaliziingilia kutoka nje, yakiletwa na wageni. Imani hiyo ni kongwe: katika karne ya 6 mwandishi Evagrius alirekodi madai kwamba tauni iliyoiangamiza Konstantinopoli, mji mkuu wa Dola ya Rumi ya Mashariki, ilianzia Uhabeshi, kana kwamba Afrika ni jaa la kutupia lawama. Vinasaba vya bakteria wa tauni, vilivyopatikana katika mifupa iliyozikwa Aschheim, kusini mwa Ujerumani, vinaelekeza macho Asia ya Kati.

Hata hivyo, chimbuko si hoja kubwa kuliko chombo kilichousafirisha ugonjwa. Bakteria huyo huishi katika panya na huhamishwa na viroboto wao, na panya havuki bahari kwa miguu yake. Procopius, aliyeshuhudia janga hilo, aliandika kwamba lilianzia Pelusium, Misri, likaingia mji mkuu mwaka 542, na kwamba kila mahali lilianza pwani ndipo likapanda bara. Hiyo ndiyo njia ya shehena. Misri ilitozwa ngano ya kuilisha Konstantinopoli, na kwa kuwa upepo mkaidi ulizichelewesha meli, Kaisari Justinian alijenga ghala kubwa kisiwani Tenedos, ili zipakue huko na kurudi upesi kuchukua shehena nyingine, huku ngano ikingoja vyombo vya kuifikisha mjini. Ni vigumu kubuni maskani bora zaidi kwa panya. Panya weusi wenyewe walienea Ulaya pamoja na utawala wa Rumi, na ulipoporomoka upande wa magharibi, idadi yao ikapungua.

Watetezi wa Rumi hukimbilia mabafu na mifereji ya maji, wakisahau kwamba mgonjwa na mzima walioga maji yaleyale, na kwamba bafu halimzuii kiroboto aliye ghalani.

Wala dola haikujirekebisha. Procopius, ambaye chuki yake kwa Justinian haina budi kukumbukwa, anasimulia kwamba Kaisari, aliyeugua tauni hiyo akapona, hakusamehe kodi ya mashamba yaliyobaki bila wenyewe, bali aliwatoza waliosalimika sehemu ya majirani waliokufa.