Uzito hauna toleo la mwisho

Kila mwandishi wa programu anajua kwamba kazi kubwa si kuitoa programu, ni kuitunza. Toleo la kwanza hupigiwa makofi, halafu huja miaka kumi ya kurekebisha hitilafu. Kupunguza uzito nako ni vivyo hivyo, ila sisi hapa Mombasa tunasherehekea toleo la kwanza tu. Utasikia fulani kapungua kilo 15 kabla ya harusi. Baada ya miaka mitano hakuna anayeuliza.

Na hili si suala la urembo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5. Nyuma ya tarakimu hizo kuna kisukari na presha.

Wengi husema anayenenepa tena hana nia. Mimi sikubali. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 14 walioshiriki The Biggest Loser, shindano la televisheni la kupunguza uzito. Kwa wastani kila mmoja alikuwa amepungua kilo 58. Miaka sita baadaye, kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi. Tena miili yao ilikuwa ikitumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Yaani mwili una nakala yake ya zamani, na haukomi kujaribu kuirudisha. Hata sindano za siku hizi hazijalimaliza hilo: katika utafiti wa semaglutide uliotoka mwaka 2022, walioacha dawa walirudisha thuluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja.

Ikiwa mwili hauchoki kushindana nawe, basi mpango wa "siku 30" una kasoro tangu kwenye ramani yake. Swali la kuuliza si "nitapungua kilo ngapi?" bali "je, hili nitaliweza Ramadhani, Idd na msimu wa harusi, kwa miaka kumi?"

Ndiyo maana sina imani na orodha za vyakula zinazotoka mbali. Anayekwambia uache mahamri na mbaazi za nazi hajaishi Kibokoni. Mji wa Kale chakula ni ujirani. Biriani huliwa sinia moja watu kadhaa, futari hupelekwa nyumba ya pili, na ukikataa kaimati za shangazi umemkataa shangazi mwenyewe. Mpango unaokutaka uwakimbie watu wako hautafika mbali.

Kinachodumu ni mabadiliko madogo yasiyokutoa barazani. Mahamri mawili badala ya manne. Kahawa tungu badala ya chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari (halwa ipitishe kwa mwenzako). Kisiwa chenyewe ni kidogo, kwa hiyo tuktuk si lazima kwa kila safari. Jua likipoa, toka Fort Jesus kwa miguu hadi Mama Ngina, kesho tena, na kesho kutwa.

Halafu pima. Hapa sisi watu wa kompyuta tuna bahati, kwa sababu mmoja wetu alishaifanya kazi hiyo. John Walker, mwanzilishi mmojawapo wa Autodesk aliyefariki mwaka 2024, aliandika The Hacker's Diet mwaka 1991. Alishauri upime kila siku lakini usiamini namba ya siku moja. Fuata mwelekeo:

mwelekeo mpya = mwelekeo wa jana + 0.1 × (uzito wa leo − mwelekeo wa jana)

Tuseme mwelekeo wako ni kilo 86.0. Umetoka harusini, mizani inasema 87.5. Mwelekeo unakuwa 86.15 tu. Na ndivyo ilivyo kweli: kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700, kwa hiyo ili kilo 1.5 ziwe mafuta ungelazimika kula zaidi ya kalori 11,000 juu ya mahitaji yako. Sehemu kubwa ni maji, chumvi na chakula ambacho bado kimo tumboni. Usikate tamaa, wala usijinyime chakula kesho yake. Lakini mwelekeo ukipanda wiki tatu mfululizo, hiyo ni hitilafu. Irekebishe ingali kilo moja, usingoje ziwe kumi.

Kwa hiyo mtu akikwambia amepungua, mpe hongera. Kisha muulize atakula nini mwaka wa tano. Akiwa na jibu, hongera ya pili iwe kubwa kuliko ya kwanza.